Amefukarika au Amefukarishwa? Kauli za Kitenzi na Uhakiki wa Umaskini katika Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Umaskini hutajwa mara kwa mara katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, lakini ni nadra kuelezwa. Makala haya yanadai kwamba chanzo kimojawapo cha udhaifu huo ni cha kisarufi: mhakiki huugeuza mchakato wenye watendaji, wakati na utaratibu kuwa nomino dhahania, kisha huipa nomino hiyo kazi ya kuwa mtendaji. Kwa kutumia tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendesha, makala yanazisoma upya riwaya tatu za Zanzibar, yaani *Nyota ya Rehema* (1976), *Kuli* (1979) na *Utengano* (1980), na kuonesha kwamba waandishi wamekwisha kuyajibu maswali ambayo wahakiki bado hatujayauliza.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia tasnifu ya umahiri iliyochunguza dhamira katika riwaya za Zanzibar. Siku ya utetezi, mtahini mmoja, mtu mpole asiye na mazoea ya kuwatega wanafunzi, alifungua sura ya nne akasoma kwa sauti kichwa kidogo kilichoandikwa "Umaskini". Kilikuwa kimekaa baina ya "Mapenzi" na "Usaliti", na chini yake palikuwa na aya tatu. Akauliza, "Umaskini huu umetoka kwa nani?" Mtahiniwa akajibu kwamba umetokana na hali ngumu ya maisha. Akaulizwa hali hiyo ngumu imetokana na nini, akajibu kwamba imetokana na umaskini. Baadhi ya waliokuwamo ukumbini walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu aya zile tatu nilikuwa nimezisoma na kuzipitisha, na kwa sababu jibu lile mwanafunzi alikuwa amelipata katika mihadhara yangu.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mtahini yule. Sikusudii kuwalaumu wanafunzi. Wao wanafuata mkondo tuliouchimba sisi: orodha ya dhamira, ufafanuzi mfupi wa kila moja, dondoo moja au mbili, kisha hukumu ya jumla kwamba mwandishi "ameusawiri umaskini kwa ufanisi". Mkondo huo una manufaa yake katika mitihani ya sekondari. Katika uhakiki wa chuo kikuu una madhara, kwani unatufanya tuyaseme maisha ya watu maskini kwa namna ambayo riwaya zenyewe zinaikataa.

2. Nomino inayoficha na kitenzi kinachofichua

Tuanze na maneno. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno mawili makuu ya uwanja huu, *maskini* na *fukara*. Katika mafundisho ya Kiislamu kuhusu zaka, mafukara na maskini ndio makundi mawili ya mwanzo miongoni mwa makundi manane yanayostahiki kupewa. Neno la kuzingatia hapo ni *kustahiki*. Katika muktadha huo, maskini ni mtu mwenye haki katika mali ya mwingine, na mwenye mali asipotoa hubaki na deni. Katika matumizi yetu ya kila siku haki hiyo imefifia, ikabaki huruma. Leo *maskini* ni pia kihisishi: mtu akianguka njiani tunasema "Maskini!" na kuendelea na safari yetu.

Juu ya tabaka hilo la maneno kuna tabaka la pili, lililozaliwa na kazi za ujira. *Kibarua* ni barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake zihesabiwe. Jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha jina la mtu. *Manamba*, walioandikishwa kwenda kukata mkonge, waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. *Kuli* lilifika katika pwani yetu likitokea Bara Hindi. Tofauti baina ya matabaka haya mawili ni kubwa. *Maskini* na *fukara* huitaja hali ya mtu, ilhali *kibarua*, *manamba* na *kuli* huutaja uhusiano. Hakuna manamba pasipo mwenye shamba, wala hakuna kibarua pasipo mtu aliyeishika kalamu akaitia alama karatasi yake.

Tabaka la tatu ni la maneno yaliyoundwa na wenyewe au na majirani zao. *Mlalahoi* ni mtu anayelala akiwa hoi. *Mvuja jasho* ni yule ambaye jasho linamtoka. *Kijungujiko* ni kipato kinachotosha chungu cha leo tu. Maneno haya yamebeba saa ndani yake. Hayasemi mtu ana kiasi gani, bali yanasema siku yake inaishaje. Vivyo hivyo, *kushinda na njaa* na *kulalia uji* ni vitenzi vya wakati kabla ya kuwa vitenzi vya chakula.

Sasa tuutazame mnyambuliko. Kutokana na *fukara* tunapata *fukarika* na *fukarisha*, na kutokana na *fukarisha* tunapata *fukarishwa*. Kila mwalimu wa sarufi anaijua tofauti iliyopo baina ya *kikombe kimevunjika* na *kikombe kimevunjwa*. Kauli ya kutendeka huieleza hali iliyotokea bila kumruhusu mtendaji aingie katika sentensi. Hatusemi *kikombe kimevunjika na mtoto*. Kauli ya kutendwa humwachia nafasi mtendaji, hata pale msemaji anapoamua kutomtaja. Kwa kanuni hiyo hiyo, *amefukarika na mwajiri wake* si sentensi ya Kiswahili, ilhali *amefukarishwa na mwajiri wake* ni sentensi kamili. Anayesema *amefukarika* amekwisha kulifunga swali la mtahini yule kabla halijaulizwa. Anayesema *amefukarishwa* ameliacha wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?"

Uhakiki wetu unapenda njia ya tatu, ambayo ni mbovu kuliko zote mbili: kuiweka nomino dhahania mahali pa kiima. "Umaskini unamsukuma mhusika katika ukahaba." "Umaskini unaivunja familia." Kisarufi sentensi hizi hazina kasoro. Zina kitenzi cha kutenda na zina yambwa. Lakini mtendaji wake hana mikono, hana anwani wala hawezi kushtakiwa. Tumepata mkosaji asiye mtu.

3. Binti za nyumba zenye mali: *Nyota ya Rehema* na *Utengano*

Kauli kwamba umaskini husababisha ukahaba imerudiwa mno katika tasnifu zetu hata imekuwa kama kanuni. Tuipime kwa riwaya mbili ambazo wanafunzi huzitumia kuithibitisha.

Katika *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema ni binti wa Fuad, mtu mwenye ardhi na mali. Mama yake anafariki, naye anakulia katika nyumba ya baba ambamo hana nafasi. Anatoka, na baada ya misukosuko anafikia maisha ya ukahaba mjini. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna ni binti wa Bwana Maksuudi, tajiri anayetaka pia madaraka ya kisiasa. Analelewa ndani, hajui njia wala soko, na mama yake, Bi Tamima, anapewa talaka. Maimuna anatoroka, na njia aliyoifuata inamfikisha kwa Mama Jeni.

Wahusika hawa wawili hawakuzaliwa katika vibanda. Wametoka katika nyumba zenye akiba. Kwa hiyo sentensi "umaskini umewasukuma" inauficha mlango ambao ndio kiini cha riwaya zote mbili: mlango wa nyumba ya baba. Waandishi hawa wanatuonesha mahali ambapo ufukara unatengenezwa, na mahali hapo ni sebuleni mwa tajiri. Unatengenezwa kwa talaka, kwa malezi yanayomnyima binti ujuzi wowote wa dunia, na kwa mirathi inayompita mtoto mmoja na kumfikia mwingine. Mtu anaweza kukaa ndani ya mali akawa fukara tayari. Kinachosubiriwa ni siku ya kutoka tu. Maimuna alikuwa fukara alipokuwa bado analala kwenye godoro la baba yake, kwa kuwa hakuna kitu chochote katika nyumba ile ambacho angeweza kukiita chake, ukiwamo uamuzi wa kwenda barabarani.

Kisha riwaya ya Mohamed Suleiman inakwenda mbali zaidi. Rehema anaolewa na Sulubu, mkulima asiye na kitu. Wanalima Ramwe na ardhi inawajibu. Jina la mume huyu lina maana ya nguvu na ukakamavu, na kwa muda riwaya inaelekea kuithibitisha methali kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Hapana mvivu katika nyumba ile, na jembe halilali. Mtu anayeamini kwamba umaskini ni upungufu wa bidii angetarajia hadithi iishie hapo. Haiishii hapo. Fuad anapokufa, Karim anajitokeza kuidai ardhi. Sulubu anamuua Karim, na sheria inamchukua Sulubu.

Mhakiki anayeandika hapa kwamba "umaskini umemfanya Sulubu kuwa muuaji" amesoma ukurasa wa mwisho bila kuusoma ule uliotangulia. Sulubu hakukosa chakula wala kazi. Alichokosa ni njia ya kuifanya haki yake itambuliwe na watu wenye uwezo wa kuitambua. Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alichapisha kitabu kuhusu umaskini na njaa, akieleza kwamba watu wanaweza kufa njaa mahali ambapo chakula kipo, kwa kuwa hawana stahiki inayowawezesha kukipata. Kitabu hicho kilileta mageuzi katika taaluma yake. Miaka mitano kabla yake, riwaya ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuonesha kwamba mtu anaweza kufukarishwa juu ya ardhi yenye rutuba, jembe likiwa mkononi. Methali yetu husema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Riwaya hii inatueleza yanayotokea pale nusu ya kwanza ya methali inapotekelezwa na ya pili ikasahauliwa.

*Utengano* nayo haimwachi mtendaji nje ya sentensi. Kisasi cha Bi Farashuu dhidi ya Maksuudi kinatokana na dhuluma aliyotendewa binti yake. Maksuudi mwenyewe anaishia katika hali duni, na msomaji anajua kwa hakika kila hatua iliyomfikisha hapo. Anguko la tajiri lina historia kamili: nani alifanya nini, lini na kwa sababu gani. Hapa pana jambo la kutuaibisha sisi wahakiki. Tunapoeleza jinsi tajiri alivyofilisika, tunatumia vitenzi na majina ya watu. Tunapoeleza jinsi maskini alivyokuwa maskini, tunatumia nomino moja.

4. Kuli na siku yake

*Kuli* ya Shafi Adam Shafi ni riwaya ambayo haiwezi kushtakiwa kwa kuficha mtendaji. Rashidi ni mtoto wa kuli, naye anakuwa kuli. Kwa msaada wa Faraji anapata mwamko, na riwaya inafikia kilele chake katika mgomo wa wafanyakazi wa bandarini wa mwaka 1948, tukio la kweli katika historia ya Zanzibar. Uhakiki wa mrengo wa Kimarx, uliopata nguvu nchini baada ya Azimio la Arusha la 1967, uliisoma riwaya ya aina hii kwa ustadi. Ulimtaja mwajiri, uliutaja ukoloni, na kila mahali ulitumia kauli ya kutendeshwa. Kwa hilo tuna deni kwake.

Hata hivyo, uhakiki huo ulikuwa na upofu wake. Ulipomwona Rashidi, uliliona tabaka. Mtu mwenyewe, mwenye bega moja linalouma zaidi ya jingine, alibaki nje ya uchambuzi. Kuli ni mtu wa ujira wa siku, na ujira wa siku una sarufi yake ya wakati. Anayelipwa kwa mwezi hupanga kwa *nita-*. Anayelipwa jioni hupanga kwa *niki-*: nikipata kazi kesho, meli ikifika, nikichaguliwa. Sehemu kubwa ya maisha yake imo katika *-ki-* ya masharti. Hakopi kwa sababu hajui hesabu. Hukopa kwa sababu tumbo halikubali masharti. Mtoto wa nyumba hiyo akitoka shuleni mapema na kuingia bandarini, mhakiki asiandike "ukosefu wa elimu" kana kwamba elimu ilidondoka njiani. Familia ilikuwa na hesabu mbili mbele yake, ya leo na ya miaka kumi ijayo, na ya leo haikuwa na nafasi ya kuahirishwa.

Ni kwa msingi huu tu ndipo uzito wa mgomo unapofahamika. *Kugoma* ni kitenzi cha ajabu: ni kutenda kwa kutotenda. Kwa mtu wa ujira wa siku, kutotenda kuna gharama inayoonekana jioni ileile jikoni. Mhakiki anayeusoma mgomo kama kilele cha mwamko wa kitabaka yuko sahihi, lakini hajamaliza kazi. Amebakiwa na swali la nani aliyekiinjika chungu siku ya tatu ya mgomo, na kwa unga wa nani. Jibu la swali hilo linawahusu wanawake, wakopeshaji na majirani, watu ambao uchambuzi wa bandari hauwafikii. Pasipo wao, ujasiri wa makuli unakuwa wa bei rahisi, na riwaya haikuuandika kwa bei hiyo.

5. Lugha ya mipango na lugha ya uhakiki

Inafaa kuuliza nomino yetu imepata wapi nguvu kiasi hiki. Umaskini, ujinga na maradhi vilitajwa tangu mwanzo wa uhuru wa Tanganyika kuwa maadui watatu wa taifa. Sitiari ya adui iliwahamasisha watu, lakini ilikuwa na athari moja ya kisarufi: adui alikuwa nomino dhahania, na vita ilipiganwa dhidi ya neno lisilo na mwili. Azimio la Arusha lilirekebisha jambo hilo kwa kuleta msamiati wa unyonyaji, ambao ni msamiati wa vitenzi, kwani pana anayenyonya na anayenyonywa. Baadaye msamiati huo ulirudi nyuma. Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, tunaoujua kwa jina la MKUKUTA, ulioanza mwaka 2005, una vitenzi viwili katika jina lake, *kukuza* na *kupunguza*, na yambwa zake ni *uchumi* na *umaskini*. Maskini mwenyewe hayumo. Katika mipango ya ruzuku ameingia kama *kaya maskini*, kizio cha kuhesabiwa.

Siwalaumu waandishi wa mipango. Mpango unahitaji kitu kinachopimika, na kaya inapimika. Ninachosema ni kwamba fasihi haina wajibu huo, na mhakiki wa fasihi anapoazima lugha ya mpango anakitupa kile ambacho riwaya peke yake inaweza kutupatia. Takwimu inaweza kutueleza ni kaya ngapi zinazolalia uji. Riwaya inaweza kutueleza ni nani katika kaya hiyo anayedai kwamba ameshiba ili wengine wapate.

6. Pingamizi mbili

Mtu anaweza kupinga kwamba si kila umaskini una mtendaji. Ukame, mafuriko na maradhi havina mwajiri, na kauli ya kutendeka ni ya haki mahali pake. Nakubali. Sikusudii kuifuta *amefukarika* katika kamusi. Ninadai tu kwamba mhakiki aifikie baada ya uchunguzi, isiwe ndiyo mahali pa kuanzia. Hata mvua isiponyesha, hainyimi nyumba zote sawasawa. Tofauti iliyopo baina ya aliyeuza mbuzi mmoja na aliyeuza shamba ni tofauti yenye historia, na mara nyingi ina majina ya watu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kusisitiza *amefukarishwa* si kumfanya maskini yambwa ya kudumu, mtu wa kutendewa tu? Hatari hiyo ipo, na hekima ya mitaani imeiona kabla yetu. Methali inasema: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Tuitazame sarufi yake. *Haokoti* na *akiokota* ni vitenzi vya kutenda; maskini ndiye kiima, anainama na mkono wake unanyooka. Mara kinafuata *huambiwa*. Kiambishi *hu-* kimekifuta kiambishi cha nafsi na kukifanya kitendo kuwa mazoea, na kauli ya kutendwa imemficha msemaji. Nani humwambia? Kila mtu, kwa hiyo hakuna mtu. Methali hiyo fupi imeuhifadhi utendaji wa maskini na mashtaka ya jamii kwa pamoja, bila kimoja kukimeza kingine. Uhakiki wetu unapaswa kufika angalau hapo ilipofika methali.

7. Hitimisho

Hoja ya makala haya si kwamba umaskini usitajwe tena kuwa dhamira. Ni kwamba, baada ya kuutaja, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mhakiki aigeuze nomino kuwa kitenzi, kisha akidai kitenzi hicho viambajengo vyake vyote: nani amefukarisha, nani amefukarishwa, kwa utaratibu gani wa mirathi, ujira, deni au sheria, na katika siku za namna gani. Kisha arudi kwa aliyefukarishwa na kuuliza anatenda nini, kwa kuwa Rehema analima, Rashidi anagoma, Maimuna anaitoroka nyumba ya baba, na Sulubu anatenda jambo la kutisha. Wote hao ni viima.

Pana sababu ya kulisema hili mbele ya wasomi wenzangu na wanafunzi wa uzamili. Darasani mwetu wapo wanafunzi ambao ada zao zimelipwa kwa ng'ombe waliouzwa na kwa mikopo ya vikundi vya kina mama. Wanaijua sarufi ya *niki-* kuliko mimi. Tunapowafundisha kuandika kwamba umaskini husababisha uovu, tunawafundisha kuandika dhidi ya nyumba walizotoka, tena kwa hoja ambayo vitabu vilivyo mikononi mwao vimekwisha kuikanusha.

Mwanafunzi yule alipewa miezi mitatu ya kurekebisha tasnifu. Kichwa kidogo cha sura ya nne hakukibadilisha, lakini chini yake aliandika kurasa kumi na moja. Za kwanza zilihusu ardhi ya Ramwe.